Ukungu Ndani ya Saa

Saa ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, na jua la siku ile lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Hilo ndilo lililomfanya Mama Kibano ainue uso. Saa za watu huingia maji, ni kawaida. Mtu anaoga nayo, anafulia nayo, mwingine anaisahau mfukoni mwa suruali na kuitumbukiza kwenye beseni, halafu anakuja kwa fundi kulalamika kwamba kauziwa kimeo. Lakini hii ilikuwa saa ya fahari, nzito mkononi, yenye kifuniko cha nyuma cha kuzungusha na kukaza, na saa za namna hiyo hata uzizamishe kisimani hazinywi tone. Akaigeuza kwenye mwanga. Ukungu ukapungua, ukabaki duara dogo katikati ya mishale. Kisha ukarudi, ukatanda mpaka ukingoni. Ukapungua tena.

"Inatoa jasho," mwenye saa akasema. Alikuwa bwana wa makamo, kavaa suti, na alisimama nje ya dirisha la kazi ingawa alishakaribishwa ndani akae. "Ilikuwa ya marehemu baba. Naomba unikaushie tu."

"Kukausha ni kufungua, bwana. Imewahi kufunguliwa?"

"Marehemu alisema isifunguliwe tena." Akatazama barabarani kama aliyeitwa. "Lakini marehemu hayupo. Anayelala nayo chumba kimoja sasa ni mimi."

Akaacha namba ya simu, akaondoka bila kuuliza itakuwa tayari lini. Sasa, mteja wa saa ya fahari asiyeuliza itakuwa tayari lini ni sawa na mzazi anayemwacha mtoto kwa jirani bila kusema atarudi. Mama Kibano aliliona hilo. Aliliona, akalipuuza, kwa sababu mikono ilikuwa inamwasha. Mafundi ndivyo walivyo. Mwonyeshe kitu kilichokatazwa kufunguliwa, uone kama atalala.

Alikuwa akifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mezani penye dirisha la barabarani, na kibano hakikumtoka vidoleni hata akiwa anakula. Ndipo lilipotoka jina. Mumewe naye mtaa mzima ulimwita Tarumbeta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, kupiga tarumbeta katika bendi ya harusi. Usiku kazini, mchana usingizini, kwenye kochi la chumba hicho hicho, akikoroma mpaka wateja dirishani wakiuliza kama nyuma kuna mashine ya kusaga.

"Ipo," Mama Kibano alikuwa akiwajibu, "ila haisagi kitu."

Alikuwa akisema hivyo kwa mdomo. Moyoni alikuwa akimpenda mtu yule kwa pumzi zake, na sioni aibu kulisema kwa niaba yake. Kicheko cha Tarumbeta kilianzia tumboni kikafika barabarani. Akiitika mlangoni, vijiko vinatikisika kabatini. Watoto hawakujaliwa, nyumba ingeweza kuwa kimya cha kuua, na haikuwa kimya hata siku moja. Mtu akikwambia mapenzi ni macho, mwambie akalale kando ya mtu anayehema vizuri.

Basi. Kufungua mgongo wa saa ya namna ile si kazi ya kubahatisha. Mama Kibano alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyekuwa akimchapa vidole kwa rula kila kibano kilipoteleza, na somo la rula halisahauliki. Kwanza unasafisha ukingo kwa burashi laini, maana uchafu wa nje ukidondokea ndani umeua. Unaibana saa kwenye jiliwa dogo la plastiki isitikisike. Unabandika selotepu juu ya kifuniko, ili ufunguo ukiteleza ukwaruze tepu, usikwaruze mali ya mtu. Ndipo unachukua ufunguo wa meno matatu, unayaweka meno yakae sawasawa kwenye vijishimo vya ukingoni, unakandamiza wima kwa uzito wa bega, unazungusha kushoto, pole pole, bila pupa. Na ukishafungua, shangazi alikuwa akisema, fumba mdomo. Pumzi ya mtu ni maji na chumvi. Kupuliza ndani ya saa ni kuitemea mate.

Kifuniko kilitii mara ya kwanza, na hicho ndicho kilichomshangaza, kwa sababu kifuniko kilichokaa miaka bila kuguswa hugoma. Hiki kilikaribia kuzunguka chenyewe, kama kilichochoka kungoja. Alipokiinua kikatoka kisauti, haaa, kama cha mtu aliyezama akaibuka. Harufu ikafuata, harufu ya chumba kilichofungwa mgonjwa akiwa ndani. Akaweka lenzi jichoni, akatafuta maji. Hakuna. Mashine ya saa ilikuwa kavu, inang'aa, haina hata alama ya kutu.

"Sasa ukungu unatoka wapi?" akajiuliza.

"Unaongea na saa tena?" Tarumbeta alikuwa ameamka, amesimama nyuma yake na kikombe cha maji, shuka begani. "Siku ikikujibu usiniite."

"Sogea huko, usinimwagie."

Hapo ndipo alipouona uzi. Kauzi ka pamba, kembamba kuliko unywele, kametua juu ya gurudumu dogo. Mkono mmoja ulikuwa umeinua kwa kibano ule mpira mwembamba unaozuia maji. Mwingine umeshika kifuniko. Kile kipira cha kubinya cha kupulizia vumbi kilikuwa kimepasuka tangu juzi, na tangu juzi alikuwa akijiambia atanunua kingine kesho.

"Hebu nipulizie hapo kale kauzi."

"Mimi? Si kila siku unanikataza nisikohoe hata sebuleni?"

"Kidogo tu, mume wangu, kwa mbali. Kama unapoza chai."

Loo! Kidogo, kwa Tarumbeta, lilikuwa neno la kigeni. Aliinama, akabana midomo kama wanavyobana wapiga tarumbeta, akapuliza. Uzi uliruka. Lakini pumzi haikukatika. Mashavu yalijaa, yakapungua, yakabonyea, na bado hewa ilikuwa ikimtoka, nyembamba, ndefu, ikielekea ndani ya saa kama maji yanavyoelekea kwenye tundu la sinki. Mama Kibano akacheka.

"Basi bwana, tumeona."

Hakuacha. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakamtoka, mkono ukawa unapapasa meza ukitafuta pa kushika. Kisha akajinyakua kwa nguvu zake zote, akaangukia kochini, na kikombe kikapasuka sakafuni.

"Kimenivuta," akasema, alipoipata sauti.

"Nini?"

"Kilichomo humo."

Mama Kibano hakubishana. Alirudisha mpira, akarudisha kifuniko, akakaza kwa haraka ambayo shangazi angeichapa. Alipoigeuza saa, kioo kilikuwa kimetanda ukungu mzito kuliko wa mwanzo, ukija na kwenda, ukija na kwenda. Akaifungia kwenye droo ya meza. Akachukua ufagio akazoa vigae vya kikombe.

Kesho yake mchana aliinua uso kutoka kazini bila kujua kilichomshtua. Barabara ilikuwa na kelele zake za siku zote, jirani anagombana na bomba, redio ya mtu inaimba. Kilichomshtua kilikuwa ndani. Tarumbeta alikuwa amelala chali kochini, mdomo wazi, na hakuwa anakoroma.

Akaenda akapiga magoti kando yake. Kifua kilikuwa kinapanda kwa shida, kidogo sana, kikishuka kama kilichopoteza njia. Akamtikisa. Tarumbeta akafumbua macho.

"Nimechoka," akasema. Akanyamaza, akatafuta hewa. "Mama. Nimechoka sana."

Walikwenda hospitali. Daktari alimgonga mgongo, akamsikiliza mbele na nyuma, akampiga picha, akasema mapafu ni ya kijana. Labda mawazo, apumzike. Tarumbeta akajaribu kucheka kwa habari hiyo ya mapafu ya kijana, na kilichotoka kilikuwa fyuu ya baiskeli iliyotoboka. Njiani kurudi alisimama mara nyingi, amejishika ukuta, na wapita njia wakamwamkia kwa utani kama kawaida, naye akawajibu kwa mkono tu. Jumamosi bendi ilikuwa na harusi. Jioni alijifungia chumbani na tarumbeta lake. Mama Kibano alisimama nje ya mlango akamsikia akijaribu, na kilichosikika ni mate kwenye bomba. Halafu akamsikia mume wake analia, kilio kifupi kifupi kisichokuwa na pumzi ya kukifikisha mwisho.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huniambia natia chumvi.

Alfajiri ya siku iliyofuata Mama Kibano hakulala tena. Akakaa mezani kukicha. Saa za wateja zilikuwa ukutani zikipiga kila moja kwa mwendo wake, na yeye amezizoea kama wengine walivyozoea mvua juu ya bati. Mteja wa kwanza alikuwa muuza maziwa, aliyekuja kuchukua saa yake ya mezani. Akaegemea dirisha, akacheka.

"Mzee leo kalala kwa nguvu! Namsikia tangu kona ile."

Na kweli, chumba kilikuwa kimejaa mkoromo. Ule ule, wenye kikwaruzo chake mwanzoni na kifilimbi mwishoni, mkoromo aliolala nao tangu walipooana. Mama Kibano akatabasamu, moyo ukamruka kwa furaha, Mungu wangu amepona, akageuka kulitazama kochi. Tarumbeta alikuwa ameketi. Macho wazi. Mkono kifuani. Alikuwa amefumba mdomo, naye pia alikuwa akiusikia mkoromo wake, na alikuwa akiitazama droo ya meza.

Muuza maziwa akachukua saa yake akaenda zake akipiga mluzi. Hao wawili walibaki hapo hawasogei, na mkoromo ukaendelea kutoka ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo, ukipanda na kushuka, na kila ulipopanda kifua cha Tarumbeta kilibonyea kidogo, na kila uliposhuka hakikurudi chote, na vijiko kabatini vikaanza kutikisika vile vile vilivyokuwa vikitikisika mwenye nyumba akiingia, mpaka ghafla mkoromo ukakatika, pakawa kimya, na katikati ya kimya kile, kutoka kule kule drooni, kikatoka kicheko. Kilianzia tumboni kikafika barabarani. Tumbo halikuwepo.

"Nitoe humu ndani," Tarumbeta akanong'ona. "Mke wangu, nitoe."

Akamtoa sebuleni kwa mikono miwili, akamkalisha jikoni, kisha akampigia simu mwenye saa. Alitarajia simu iwe imezimwa. Haikuwa imezimwa.

"Mlipuliza?" bwana yule akauliza kabla ya salamu.

"Ulijua!"

"Sikujua. Nilisikia tu. Fundi wa kwanza wa baba alipuliza vumbi kwa mdomo, akafa kwa kukosa hewa, na baba mwenyewe aliikaza kwa mkono wake. Nilidhani ni hadithi za wazee." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka. "Dada yangu, kaa nayo. Siitaki. Nimelala usingizi mzuri siku hizi, kwa mara ya kwanza. Nisamehe."

Akakata. Mama Kibano alimtukana, tusi refu ambalo sitaliandika, akilimwaga kwenye simu iliyokwisha kufa.

Aliyewaelekeza kwa Mtaalamu, mganga wa majini, alikuwa msusi wa mtaa wa pili, kwa sababu Mtaalamu alipanga chumba nyuma ya saluni yake. Walimkuta mwanamke mnene wa umri wa kuwa mama yao, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mkononi ana kichupa cha dawa ya pumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msinicheke," akasema, akajipulizia kooni, akangoja. "Mganga hajigangi. Nani amepuliza?"

Hawakuwa wamesema chochote bado. Tarumbeta akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

Mtaalamu alimsikiliza Mama Kibano mpaka mwisho. Kisha akasema huyo ni jini mla pumzi, hana mwili, ana njaa tu. Zamani mtu mwenye akili zake alimfungia kwenye chombo kisichopitisha hewa, maana saa isiyoingiza maji haitoi jini. "Ilikuwa kazi safi sana. Nyinyi mkamfungulia mkampelekea sahani."

"Anaweza kurudishiwa?" Mama Kibano akauliza. "Pumzi yake. Mama, niambie ukweli. Siwezi kukaa nyumba ile bila huyu mtu."

"Anaweza. Utaifungua tena, wewe uliyeifungua. Mumeo ataweka mdomo karibu, atavuta. Asipulize hata punje. Avute kilicho chake, na mtu huijua pumzi yake kama anavyoujua mto wake wa kulalia. Akiipata atakuashiria, nawe funga hapo hapo. Na wewe usipumue kabisa tangu kifuniko kilegee mpaka kikaze. Pumzi yako ikimfikia, ana sahani mbili."

"Twende wote, mama."

"Mimi?" Mtaalamu akakionyesha kile kichupa. "Nina pumzi za kuhesabu, mwanangu, sikai chumba kimoja naye. Ukishafunga, kitazame kioo. Kitazame vizuri, kisha unipigie simu, maana kile kioo..." Kikohozi kikamkamata hapo, kikamkunja, msusi akakimbia na maji, na Mtaalamu akawapungia mkono waende, wakati wenyewe ulikuwa unawaishia.

Walifanya kazi ile asubuhi ile ile, jua likiwa limeingia mpaka miguu ya meza. Mama Kibano alifunga dirisha na mlango, akajaza matambara chini. Alipoitoa saa kwenye droo ilikuwa ya uvuguvugu. Akasafisha ukingo kwa burashi. Akaibana kwenye jiliwa. Akabandika selotepu, na alipoilaza kwa kidole gumba akahisi kitu kikimsukuma kutoka upande wa pili, kidogo, kwa upole, kama mtoto anavyocheza tumboni. Tarumbeta alikuwa amepiga magoti kando ya meza, kidevu ukingoni, midomo imekuwa ya bluu. Hakuweza kusema tena. Akamgusa mkewe kiwiko, na hiyo ilikuwa ni kumwambia yote.

Mama Kibano akavuta pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kuvuta, akafumba mdomo, akabana pua kwa kibanio cha nguo.

Ufunguo uliingia vijishimoni. Akakandamiza wima, akazungusha, na kifuniko kikalegea, na ile haaa ikatoka, safari hii ndefu, yenye furaha, na harufu ikamfika hata pua ikiwa imebanwa, ikamfika kwenye macho, na saa zote za ukutani zikaanza kupiga pamoja kwa mwendo mmoja, tiki, tiki, mwendo wa kifua cha mtu, na ndani ya chumba kilichozibwa kila upande pazia likajaa kama tanga kisha likanyonywa likabandikwa ukutani, na sauti ya mumewe ikatoka ndani ya mashine ya saa ikimwita jina lake la kuzaliwa, lile ambalo hata yeye alikuwa amelisahau, ikimwambia itika, mke wangu, itika basi, na ni nani asiyeitika akiitwa na mumewe, na akauma ulimi mpaka damu ikajaa mdomoni ili asiitike, na mbele yake Tarumbeta wa kweli alikuwa ameweka midomo juu ya saa na anavuta, anavuta, mashavu yameingia ndani, rangi ikimrudia usoni, kwanza masikio, kisha paji, kisha midomo, na kifua chake kilikuwa kikipanda, kikazidi kupanda, na Mama Kibano macho yalikuwa yameanza kumwingia giza, na mapafu yanamwaka, na bado mume hakuashiria, hakuashiria, halafu akainua kidole.

Akafunga. Mpira, kifuniko, ufunguo, kulia, kaza. Akakimbilia mlango akaufungua, akapumua nje akiwa amejishika nguzo, akatapika.

Aliporudi, Tarumbeta alikuwa amesimama katikati ya chumba, mzima, mkono kiunoni. Akacheka. Vijiko vikatikisika. Mama Kibano alimrukia shingoni akalia kama hajawahi kulia, na mumewe akamwinua juu akamzungusha, meza ikaenda kombo.

Kisha akakumbuka kioo. Akaishika saa, akaipeleka kwenye jua, akaitazama vizuri kama alivyoambiwa. Kioo kilikuwa kikavu, cheupe pee, mishale imetulia, hakuna unyevu hata wa ncha ya sindano. Tangu alipochapwa rula ya kwanza alifundishwa kwamba ukungu ni ugonjwa na kioo kikavu ni uzima. Ilikuwa saa iliyotengenezwa ikatengenezeka. Simu ya nini tena? Akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kupika.

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa sikukuu. Tarumbeta alikula vizuri, akatania kila aliyepita dirishani. Kulala tu ndiko hakulala sana. Alisema usingizi wote kashaumaliza akiwa mgonjwa, na mkewe alipoamka alimkuta ameketi kitandani akimtazama anavyohema. Alidhani ni mapenzi. Lilikuwa jambo la kudhani hivyo, baada ya yote yale.

Jumamosi alikwenda naye harusini, kwa fahari, kavaa gauni lake la rangi ya zambarau. Ukumbi ulikuwa umejaa, na ukuta wa nyuma ya bendi umepambwa kwa baluni kutoka sakafuni hadi darini. Mashangazi wa bibi harusi walimwambia wamezipuliza wenyewe tangu asubuhi, kwa mdomo, mpaka vichwa vinawazunguka. Bibi harusi akatokea mlangoni. Tarumbeta akainuka, akaweka tarumbeta mdomoni, akaanza na sauti moja ndefu ya kumkaribisha, na watu wakapiga vigelegele. Hapo ndipo simu ya Mama Kibano ilipolia. Akatoka nayo barazani, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Hukunipigia," Mtaalamu akasema.

"Nisamehe, mama, ni furaha. Amepona! Hebu msikie." Akaielekeza simu mlangoni, kisha akairudisha sikioni. "Umemsikia? Nilitaka nije nikushukuru mwenyewe, na zawadi yako..."

"Kioo kilikuwaje?"

"Safi kabisa. Kikavu."

Upande wa pili kichupa cha pumu kikasikika, mara moja, mara mbili.

"Hakukuwa na ukungu?"

"Hata chembe, mama. Nilitazama kwenye jua."

"Mwanangu." Sauti ya Mtaalamu ilishuka. "Ule ukungu ndiye yeye. Kioo kilitakiwa kitande. Kikikauka, saa haina mtu. Kama hayumo kwenye saa, yuko wapi?"

Mama Kibano akageuka kuutazama mlango.

"Nisikilize," Mtaalamu akasema. "Huyo ninayemsikia anapiga. Tangu tumeanza kuongea, amepumua mara ngapi?"

Ndipo alipoisikia. Sauti ilikuwa ile ile moja. Ile aliyomwacha nayo alipotoka, haijakatika, haijayumba, na vigelegele vilikuwa vimekwisha.

Akausukuma mlango. Wapiga ngoma walikuwa wameshusha fimbo, wanamtazama mwenzao. Bwana harusi alikuwa analegeza tai. Watu wa viti vya mbele walikuwa wakijipepea, wengine wamejishika koo, na nyuma ya Tarumbeta baluni zilikuwa zinanywea moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, bila kupasuka, zikikunjamana kama ngozi ya kizee. Akawatafuta mashangazi. Walikuwa wameegemeana kwenye benchi lao, wote, midomo wazi, na mmoja alikuwa akimwashiria mtu maji kwa mkono, na mkono ukaanguka.

Mama Kibano alipita katikati ya meza akavunja alivyovunja, akapanda jukwaani, akaweka kiganja kwenye mgongo wa mumewe. Haukuwa ukipanda wala kushuka. Tarumbeta akamgeuzia macho, na macho yalikuwa yake mwenyewe, yale yale, yamejaa machozi na yanamsihi. Mdomo tu ndio haukuwa wake. Sauti ikapanda juu zaidi.

"Mume wangu," akamwambia sikioni, "pumua. Nakuomba, pumua."

Alipofungua mdomo amwite tena, pumzi ilimtoka, nyembamba, ndefu, ikaelekea kwa mumewe, na alipotaka kuivuta nyingine hakuipata.